Wazee Waliponiposea Mtaji

Juzi nilialikwa kwenye ukumbi mmoja hapa kisiwani, nikakae na vijana wanaoanzisha kampuni za kompyuta. Walikuwa wengi, wamevaa fulana zilizoandikwa majina ya kampuni zao, na simu zao hazikutulia mezani. Akasimama mgeni wa heshima, bwana mmoja mwenye suti, akawapa ushauri wa kupata fedha. Aliwaambia wasiende wenyewe kwa mwenye mtaji. Wamtafute mtu mzima anayejulikana, mwenye jina, awatangulie, awasemee, awafungulie mlango. Vijana wakaandika. Mimi nilihisi damu inanipanda mpaka masikio yakawa ya moto. Nikachukua mkoba wangu nikatoka, na zamu yangu ya kusema ilikuwa bado.

Mwenyeji wa shughuli alinifuata hadi kwenye ngazi akaniuliza kama ninaumwa. Nikamwambia siumwi, nina hasira. Alicheka, akidhani namfanyia mzaha. Pale kwenye ngazi sikuweza kumweleza, kwa hiyo nitaeleza hapa.

Mimi nilitanguliwa. Nilisemewa. Nilifunguliwa mlango na mtu mzima mwenye jina, na kazi yangu yote ikapita mlango huohuo na haikurudi.

Miaka ya tisini ilipoanza nilikuwa mpiga taipu katika ofisi ya wakala wa forodha. Mzigo ukishuka bandarini, mwenyewe hutuletea karatasi zake, nasi tukaandika hati za forodha, nakala juu ya nakala, na karatasi za kaboni katikati. Ukikosea tarakimu moja ya ushuru, unazing'oa zote kwenye mashine unaanza upya. Vidole vyangu vilikuwa vyeusi kutwa. Nikila sambusa mchana, naacha alama kwenye sambusa. Niliichukia kazi ile kwa moyo mmoja, na chuki hiyo ndiyo iliyonipeleka kwenye kompyuta. Wengine husema walivutiwa na mashine. Mimi nilikuwa naikimbia kaboni.

Palikuwa na chuo kidogo cha kompyuta Mwembe Tayari, juu ya duka la magodoro. Mwalimu wake alikuwa Mrabai, Mkristo, mtu wa maneno machache, ambaye kila asubuhi alikuja kutoka bara, ng'ambo ya Makupa, akilalamika kuwa moshi wa jaa la Kibarani umemwingia kwenye shati. Nilisoma kwake jioni baada ya kazi. Nilipokwisha kusoma alinipa wanafunzi wapya niwafundishe Jumamosi, na badala ya malipo nikawa naachiwa mashine moja baada ya masomo. Kwenye mashine hiyo niliandika programu yangu.

Nitaieleza kwa ufupi, maana si siri. Ulikuwa unaingiza habari za mzigo mara moja tu. Programu inatafuta kiwango cha ushuru kwenye jedwali, inapiga hesabu, inachapa hati na nakala zake zote, kila tarakimu mahali pake. Leo mtoto wa sekondari atacheka. Wakati ule mawakala wadogo wa mjini walikuwa wakizungushwa siku nenda siku rudi kwa sababu ya kosa la taipu, na mzigo uko bandarini unalipiwa ghala.

Ilinichukua zaidi ya mwaka. Siku ilipochapa hati ya kwanza iliyo sawa, printa ilipiga kelele mpaka muuza magodoro akapanda juu kuuliza kuna nini. Mwalimu aliing'oa karatasi kwenye printa, akachukua kikokotoo, akahakiki ushuru mstari kwa mstari. Halafu akaniambia kwamba hii si ya kufundishia tena, hii ni ya kuuza.

Ushauri wake naukumbuka neno kwa neno, maana sijasikia mwingine bora tangu siku ile, na nimekaa kwenye kumbi nyingi zenye viyoyozi. Alisema: "Tafuta mwenye pesa. Nenda wewe mwenyewe, na disketi yako mkononi, umwoneshe. Kisha muulize anataka sehemu gani, na usitoke mpaka aitaje."

Mwenye pesa nilimjua. Alikuwa mfanyabiashara wa karibu na soko la Marikiti, Mhindi Mwislamu, mwenye duka la rangi na misumari lililokuwa la babake. Aliagiza mali yake kutoka ng'ambo, kwa hiyo hati za forodha zilikuwa zimemtesa kuliko mtu yeyote. Alikuja ofisini kwetu mara kwa mara, na kila akija alisimama nyuma ya kiti changu akitazama ninavyopiga taipu, akinihimiza kwa upole nisikosee. Na juu ya duka lake kulikuwa na chumba kitupu. Nilichokitaka ni kompyuta, printa na kile chumba. Yeye atie mtaji, achukue sehemu ya faida, na programu ibaki yangu. Hilo tu.

Nilipomwambia mama, hakuikataa kompyuta. Mama alikuwa mjane aliyetulea kwa kushona, na mashine haikumtisha. Alichokikataa ni mimi kuvaa buibui langu nikashika njia hadi dukani kwa mwanamume kumwomba fedha. Alisema mambo kama hayo yana wenyewe, yana wazee. Nikamwambia ni biashara. Akasema posa nayo ni biashara, na hajaona msichana aliyekwenda kujiposea. Asubuhi iliyofuata, kabla sijaamka, alikuwa amekwishakwenda Kibokoni kumwambia ami.

Ami, ndugu yake marehemu baba, alikuwa karani mstaafu wa bandari, mrefu, kanzu yake imenyooka saa zote, sauti yake nzuri kama ya msoma maulidi. Alikuwa ndiye msemaji wa posa mtaani petu. Kijana akitaka mke, wazazi wake wakimtaka mtu wa kutangulia, walimwendea yeye. Alijua namna ya kuingia nyumba ya watu, namna ya kuketi, namna ya kuulizia hali ya mmoja mmoja mpaka wenyeji wakajiona wamepata bahati kutembelewa. Na sifa yake kubwa, iliyosemwa kila baraza, ni kwamba hakuna nyumba aliyotumwa akarudi na neno la kukataliwa.

Mama aliisema sifa hiyo kama dhamana ya benki. Mimi nami, Mungu anajua, niliiona ni nzuri. Sasa nina umri na nina akili, na nataka kila mwenye kampuni changa anisikilize hapa: mtu ambaye hajawahi kurudi na hapana ni mtu wa kuogopwa. Hapana hiyo anaikwepa kwa kitu fulani, na kitu hicho hakitoki mfukoni mwake.

Nilikwenda kwake nikamfundisha ya kusema. Nilikaa mkekani mbele yake, nikamweleza programu ni nini, kwa nini ni mali ingawa haishikiki, na kwamba mtaji ni wa tajiri ila kazi ni yangu. Nikamwambia amwachie tajiri ataje sehemu anayotaka kwenye faida. Akaitikia kwa kichwa kila nilipotua. Nilipomaliza akaniuliza tajiri yule ni wa ukoo gani na babake alizikwa wapi. Nikajibu ninalolijua. Akasema, "Nimesikia, mwanangu," na mimi nikambusu mkono nikaenda zangu, nikiwa na furaha ya kijinga.

Walikwenda nyumbani kwa tajiri Ijumaa baada ya alasiri, ami na wazee wengine wawili wa msikitini, kanzu nyeupe, bakora, ubani nguoni, na sinia ya halwa mkononi. Sinia ya halwa. Kwenda kuomba mtaji wa kompyuta. Mimi nilibaki nyumbani na mama, nakata vitunguu ambavyo hakuna aliyevihitaji. Niliyeiandika programu nilikuwa jikoni, na watu watatu ambao hawajawahi kuona kompyuta ikiwashwa walikuwa wanaizungumza.

Walirudi kabla ya magharibi. Ami aliingia anatabasamu, akasema kwamba bwana yule alishuka mwenyewe mpaka mlangoni kuwapokea, akawashika mikono, akaamrisha chai ya maziwa na bajia. Kisha akasema, "Amekubali. Na Fatiha tumesoma." Mama akapiga kigelegele hapo hapo ukumbini, majirani wakafungua madirisha wakidhani nimepata mume.

Nikauliza kuhusu sehemu. Ami alinitazama kama mtu aliyeulizwa bei ya zawadi. "Amekubali. Mshukuru Mungu, uwate maneno." Nikauliza tena, taratibu. Mama akanikanyaga mguu. Katika nyumba yetu, Fatiha ikisomwa jambo limefungwa, na anayelihoji baadaye hamhoji msemaji peke yake, anawahoji wazee wote waliokunjua mikono. Nikarudi kwenye vitunguu vyangu. Kwa muda nilidhani nimeshinda.

Na kweli mambo yalikwenda. Kompyuta ilikuja, na printa, na chumba kikapakwa rangi ya samawati kutoka kwenye makopo ya dukani. Niliacha kazi ya taipu. Mawakala wadogo walipanda ile ngazi wakiwa na bahasha zao, wakashuka na hati safi, na habari ikaenea mpaka bandarini. Wapagazi wa Marikiti walinielekezea wateja bila kuulizwa. Jumapili nilikwenda ufukweni Mama Ngina na shoga zangu, tukala mihogo na pilipili, na nikawaambia nina kampuni. Nilikuwa nasema hivyo, kampuni yangu. Kila mwisho wa mwezi tajiri alinipa bahasha, nami nikafikiri ni mgao wa kuanzia, mpaka hesabu kamili itakapopigwa. Nilimwona ni muungwana, na sikusema neno, maana mambo ya hesabu yalikuwa kati yake na wazee.

Naisikia sauti ya vijana wa leo ikiniambia ningeuliza. Wao wamezoea kuuliza. Wana maneno yao ya hisa na thamani ya kampuni, wanayatamka mbele ya wakwe. Mimi nilikuwa msichana wa Mji wa Kale ambaye mambo yake yalikwishasemwa na wakubwa. Kumwendea tajiri nikamuuliza mliafikiana nini na ami kungekuwa kumwambia kwamba kwetu wazee hawaaminiki. Afadhali ningevua buibui nikapita Ndia Kuu.

Mwaka wa pili mwanawe tajiri alirudi kutoka masomoni ughaibuni. Kijana mwenye adabu, sina ubaya naye. Babake akampandisha juu kwangu akasema nimfundishe kila kitu, programu inavyoandikwa ndani, jedwali la ushuru liko wapi, linabadilishwaje Bajeti ikisomwa, ili aweze kuisimamia kazi. Nikafundisha siku chache. Kisha yule kijana akaja na fundi wa kubandika kibao kipya mlangoni, na kibao kilikuwa na jina la ukoo wao. Nikamuuliza jina langu litakaa wapi. Akashangaa kwa dhati. Akaniambia wafanyakazi hawaandikwi kwenye kibao.

Nikamwambia programu ni yangu. Akasema, bila kelele, kwamba yeye hayajui ya zamani, ila babake alimwambia siku zote kuwa alipewa yote, kazi na mwenye kazi, mbele ya mashahidi. Alisema mwenye kazi. Sijasahau.

Nilishuka ngazi moja kwa moja hadi dukani. Hakuna aliyenitangulia. Tajiri alikuwa nyuma ya meza yake anampimia mteja misumari, nikangoja mpaka mteja akatoka, kisha nikamsalimu na kumuuliza, waziwazi, siku ile wazee wangu walipokuja kulisemwa nini. Alivua miwani. Nadhani alikuwa mtu wa kwanza kuona kwamba sijui.

Alinieleza yote. Kwamba ami alizungumza vizuri, hajasikia mtu akizungumza vizuri vile. Kwamba alipomaliza alisema, kama inavyosemwa kwenye posa, kuwa wao wamekuja kutaka, na mwenye kutakwa aseme alitakalo, chochote atakachokitaja watatoa.

"Mimi nilisema robo, beti," akaniambia, akiniita binti kwa Kihindi chake. "Robo yanitosha, duka ninalo. Ami yako akasema robo ni aibu, nyinyi si watu wa kupimiana. Akasema nipokee kazi yote, na mtoto awe wangu. N'kasema bwana, ni nyingi. Akainua mikono, akaanza Fatiha."

Nilishika ukingo wa ile meza. Robo. Mtu mwenyewe alitaka robo! Nilikuwa tayari kumpa nusu, nilikuwa nimelala macho nikihofia kwamba ataomba zaidi ya nusu. Aliomba robo, na mtu wangu mwenyewe, damu yangu, akamsukumia yote ili ionekane kwamba sisi tuna ukarimu. Kwenye posa ukarimu huo una maana. Upande wa mume haubishani mahari, unaonesha kwamba bibi harusi ana thamani kuliko fedha, na mwisho wa siku watu wawili wanaishi nyumba moja na vitu vyao vinachanganyika. Ami alikuja na adabu hiyohiyo, nzima nzima, akaitandaza mbele ya mfanyabiashara. Hakuwa na nyingine. Maneno yangu yote ya mkekani hakuyabeba hata hatua moja.

Nikamuuliza tajiri kwa nini hakuniambia. Akasema, "Sikuzungumza na wewe, nilizungumza na wazee wako." Akaongeza kwamba siku zote amejiuliza kwa nini sidai, akaona pengine ndivyo tulivyolelewa. Hakuwa mwongo. Hasira yangu ilimtafuta mahali pa kumshika na haikupaona, na hilo likanikasirisha zaidi. Alikula kilichowekwa kwenye sinia, basi.

Kisha akanipa njia. Alisema neno limesemwa na mtu mzima mbele ya watu, na yeye hawezi kulivunja kwa sababu msichana amekuja peke yake mchana kumwambia alivunje, kesho ami atakuja kusema ametukanwa. Lakini ami akija mwenyewe, na wazee walewale, akasema kwamba ulimi ulimpita, yeye atarudi kwenye robo siku hiyohiyo, na jina langu litakaa kwenye kibao. Aliniapia, na nilimwamini, na bado namwamini.

Nilikwenda Kibokoni nikitembea haraka mpaka watu wakanipisha. Ami alikuwa amekaa barazani kwake peke yake, anamenya chungwa. Nikamwamkia. Nikamweleza kile alichosema tajiri. Nikasubiri akane. Hakukana. Alisema robo lilikuwa neno la dukani, na yeye hakwenda dukani, alikwenda nyumbani kwa watu. Akasema bwana yule aliwapokea mlangoni, na mtu aliyekupokea mlangoni humhesabii.

Nikamwambia haya yote tuyaache, kuna njia. Aende tu. Neno moja, kikao kimoja cha chai, na mimi mwanawe nitapata haki yangu. Nilimshika magoti. Nilimwomba kama sijawahi kumwomba mtu, na machozi yalinitoka kwa hasira kuliko kwa huzuni.

Alimaliza kumenya chungwa. Akasema, "Sasa n'ende kwa yule bwana, nikae palepale, niseme mbele ya watu kwamba n'likosea? Baada ya hapo n'tatumwa na nani?"

Niliposikia hivyo nilielewa. Alikuwa amepima. Kwenye upande mmoja aliweka mwaka wangu na zaidi wa jioni za Mwembe Tayari, na kila hati iliyochapwa tangu hapo, na kila hati itakayochapwa mpaka nizeeke. Kwenye upande wa pili aliweka posa zijazo za watoto wa watu, chai na bajia, na barazani wakisema huyu hajarudi na hapana. Akaangalia, akaona ya kwake nzito. Angekuwa hakuelewa thamani ya kazi yangu ningemsamehe. Alielewa. Aliniambia mwenyewe, wakati nanyanyuka, kwamba anasikia nina wateja wengi, na kwamba ni yeye aliyenitafutia.

Nyumbani mama alikuwa amekwishapata habari, maana Kibokoni hakuna ukuta. Nilimkuta kwenye cherehani. Nilitaka aseme neno moja tu, aseme kwamba nimedhulumiwa. Alisema, "Usimvundie ami yako heshima, mwanangu. Utapata kazi nyingine." Kisha akaendelea kushona. Nikamuuliza heshima yangu mimi imewekwa wapi. Mashine ilikwenda kasi kuliko ilivyohitajika, na nikajua kwamba anajua. Hilo nalo sikulisamehe kwa miaka mingi.

Vijana hupenda kuniuliza kwa nini sikuchukua nakala nikafungua chumba changu. Nakala nilikuwa nayo, iko kwenye disketi kabatini. Lakini wateja wote walikuwa wamezoea ngazi ya tajiri, na mji mzima ulijua kwamba Fatiha imesomwa. Ningeonekana mwizi wa kazi niliyoiandika kwa mkono wangu. Nani angeniletea bahasha yake?

Asubuhi iliyofuata nilikwenda kazini kama kawaida. Nilimwambia tajiri kwamba ami haji. Aliinamisha kichwa, akasema anasikitika, na kwamba mshahara wangu ataongeza. Alisema mshahara, na mara hii sote wawili tulilisikia neno hilo. Nikamwekea ufunguo wa chumba juu ya meza, katikati ya mizani na makopo ya rangi. Aliniuliza nitakwenda wapi. Nikamwambia nitakwenda kujisemea mahali, hata kama sijui ni wapi.

Nilikuwa nimekwishafika kwenye matenga ya machungwa ya Marikiti niliposikia naitwa. Mwanawe alikuwa anakuja mbio, shati limetoka suruali, na karatasi za forodha mkononi. Bajeti ilikuwa imesomwa wiki ile, viwango vimebadilika, na wateja wamejaa kwenye ngazi. Alikuwa ameingiza viwango vipya kwenye jedwali na programu inamletea ushuru wa zamani. Kuna mahali pa pili pa kubadilisha, ndani zaidi, ambapo nilikuwa sijafika kumfundisha. Aliniomba nimwambie tu ni wapi, hata sina haja ya kurudi. Aliniomba kwa adabu kabisa, akaniita dada.

"Kamuulize ami yangu," nikamwambia. "Yeye ndiye aliyewapa."

Nikavuka barabara.